Wenzangu wananiita mlimani, na theluji nimeiona dirishani tu

Majibu ya safu hii yanatoka kwa muuguzi wa wodi ya mifupa, mzaliwa wa Tanga, anayeishi München tangu mwaka 2003. Mwezi huu amejibu barua tatu za wasomaji walio ughaibuni, zote zinahusu theluji.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 25, kwetu ni Kilosa. Nina miezi mitano hapa München, nasomea uuguzi huku nikifanya kazi hospitalini. Wenzangu watano wa wodini wamenialika twende Garmisch-Partenkirchen, mji wa milimani, kuskii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni ziitwazo skii, Jumamosi na Jumapili ya wikendi ya pili ya Februari. Mmoja anasema nisitupe hela kwa mwalimu, atanielekeza mwenyewe kwa nusu saa halafu tupande juu wote. Nataka kwenda, kwa sababu hapa nina upweke na hawa ndio watu wa kwanza kunialika popote. Lakini mama nilipomwambia kwenye simu alinijibu: "Nilikutuma kusoma, sikukutuma kuvunjika miguu." Nimsikilize nani? Nivae nini? Na posho yangu ni ndogo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Watu wa huku hawana desturi ya kualika kwa kupamba maneno. Akikuambia njoo Jumamosi, ujue ameshakuhesabu. Mimi nilipofika nilikaa zaidi ya mwaka mzima bila mtu kunikaribisha hata chai, kwa hiyo ulipoandika neno upweke nimekuelewa.

Ila huyo anayetaka kukufundisha kwa nusu saa, mshukuru kisha umkatalie. Hilo ndilo neno kubwa nililonalo kwako, na mengine yote ni nyongeza. Januari 2007 rafiki yangu wa kazini, mtu mwema kabisa, alinipandisha lifti hadi juu ya mlima baada ya kunionyesha mambo mawili matatu pale kwenye maegesho ya magari. Yeye alianza kuskii akiwa na miaka minne. Alikuwa hakumbuki tena kwamba kuna wakati hakujua kusimama, na aliyesahau alivyojifunza hawezi kumfundisha mwingine. Niliteremka kwa saa mbili, nusu kwa miguu na nusu kwa kukaa. Mara ya mwisho nilipoanguka nilikuwa nimeng'ang'ania fimbo mkononi, kidole gumba kikabaki upande wake na mkono ukaenda upande wake. Kano ya gumba ilikatika. Wiki sita sikuweza kutoa damu wala kuchoma sindano, na nilikuwa bado kwenye mkataba wa majaribio. Jeraha hilo ni la kawaida kwa wanaoskii hata madaktari wamelipa jina la gumba la mwanaskii, na leo nawauguza wenye nalo kila msimu.

Mwaka 2009 nilirudi, safari hii kwa mwalimu, siku tatu, kundi la watu wanane. Alikuwa mama wa makamo, na asubuhi yote ya kwanza hakutupa fimbo kabisa. Alitufunga skii mguu mmoja tu, tukawa tunazunguka uwanja tambarare kama watu wenye kiatu kimoja. Kisha mguu wa pili. Kisha akatufundisha kuanguka kabla hajatufundisha kwenda.

Nikueleze kidogo ili usifike mikono mitupu. Ukiona unaanguka, usipigane na mwili wako. Jilaze kwa ubavu, upande wa mlimani, kama unavyojilaza kwenye mkeka, na mikono ikae mbele. Kabla ya kuinuka, geuza skii zote mbili zikingame mteremko na ziwe chini yako, ndipo ujisukume kwa mkono. Anayeanza hujaribu kusimama skii zikiwa zimeelekea bondeni, zinamkimbia, anaanguka tena, anachoka na kuvunjika moyo, kumbe tatizo ni mwelekeo tu.

Kusimama je? Watoto wa huku wanafundishwa maneno mawili, pizza na chipsi. Chipsi ni skii mbili zilizonyooka sambamba, hapo unakwenda. Pizza ni ncha za mbele zimekaribiana na visigino vimetanuka, umbo la kipande cha pizza. Hapo kingo za ndani zinaukwangua mteremko na unapungua mwendo hadi kusimama. Siri iko miguuni. Muundi wako uegemee ulimi wa kiatu, yaani sehemu ile ya mbele inayokukandamiza, magoti yakunjike, macho yatazame unakokwenda. Hofu itakuambia uegemee nyuma. Ukiitii, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, skii hazikusikii tena na mwendo unaongezeka. Mimi hili lilinichukua siku nzima kuliamini, nilikuwa najiambia moyoni "mbele, mbele" kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Kwa hiyo panga hivi: Jumamosi asubuhi wewe ushuke kwenye uwanja wa wanaoanza pale Hausberg, mlima mdogo wa Garmisch, uingie kundi la wanaojifunza, wenzako waende zao juu. Mkutane chakula cha mchana. Hawatakuona mnyonge, atakayewachosha ni yule aliyekwama katikati ya mteremko mwekundu wakawa wanamsubiri. Rangi zenyewe zishike: Ujerumani na Austria buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya waliobobea. Wewe wikendi hii ni buluu tu, hata wakusihi vipi.

Kwenye uwanja huo wa wanaoanza utapandishwa na zulia linalotembea lenyewe, halina shida. Shida iko kwenye lifti ya kuburuta, ile yenye kifimbo na kisahani mwishoni. Kile kisahani hakikaliwi. Unasimama, kinakusukuma makalioni, miguu ikiwa chipsi. Ukikikalia unadondoka, na walio nyuma yako wanakuja. Ukidondoka toka njiani mara moja, halafu ndipo upanguse theluji.

Dukani unapokodi vifaa, usiwe na haraka. Mwaka ule wa kidole nilipewa viatu vikubwa kwa namba mbili, nikanyamaza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na Kijerumani changu kilikuwa cha kubabaisha. Usinyamaze. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti virudi nyuma. Kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Soksi ni pea moja, ndefu na nyembamba. Wengi wetu tunavaa pea mbili kwa kuogopa baridi, zinajikunja ndani, zinabana damu, na miguu inazidi kuwa baridi. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako. Mwambie ukweli mtupu. Kwa majibu hayo ndiyo anaseti kifungio kinachoachia kiatu unapoanguka. Ukijisifu una uzoefu, anakaza, skii haitoki inapotakiwa kutoka, na kinachojipinda ni goti. Helmeti kodi hapohapo, hilo halina mjadala.

Nguo usinunue mpya. München imejaa mitumba ya theluji, na wenzako watano hawakosi suruali ya zamani kabatini. Waombe, hapa si aibu. Jinzi iache nyumbani pamoja na fulana za pamba. Pamba inakunywa jasho na theluji, halafu inabaki na ubaridi mwilini. Ndani vaa sufi au polista, katikati sweta la flisi, juu kitu kisichopitisha maji wala upepo. Glovu ziwe za kuzuia maji, na ukiweza beba pea ya akiba.

Hapa nisikilize vizuri, maana watu wanadhani ngozi yetu inahimili kila kitu. Utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza na wa Marekani umeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika huumia kwa baridi mikononi na miguuni mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Vidole vikianza kufa ganzi, ingia ndani uvipashe joto kwapani, usisubiri mtu akuruhusu. Vaselini italainisha midomo, lakini haizuii nyama kuganda. Na jua la mlimani ni kali: theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi. Paka losheni ya kuzuia jua, hata chini ya pua na kidevu, kwa sababu miale inatoka chini pia. Miwani usiivue. Macho yakiungua na theluji, usiku wake unahisi umetiwa mchanga.

Hela. Tiketi ya lifti kwa siku nzima katika miteremko ya Garmisch ni zaidi ya euro 50, na anayeanza haihitaji Jumamosi. Ulizia tiketi ya lifti za wanaoanza peke yake. Kiasi utakachookoa kiweke kwa mwalimu. Kama una tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, ile inayotumika Ujerumani nzima, itakufikisha bila nyongeza. Ni kama dakika 80 kutoka stesheni kuu ya München. Beba mikate na chupa ya chai ya tangawizi, maana chakula cha juu ni ghali. Kama huli nguruwe au hunywi pombe, uliza kabla ya kuagiza. Supu nyingi zina vipande vya nguruwe, ile chapati tamu ya kukatwakatwa inayoitwa Kaiserschmarrn mara nyingi zabibu zake zimelowekwa kwenye ramu, na chai iitwayo Jagertee ina pombe kali licha ya jina lake.

Bima. Kadi yako ya afya itakutibu ukiumia upande wa Ujerumani. Lakini Garmisch iko karibu na mpaka, na Jumapili mtu anaweza kusema twendeni Austria. Ukiumia kwenye mteremko wa kule ikaja helikopta, bili inaweza kufika maelfu ya euro na mara nyingi bima ya kawaida hailipi uokoaji wa aina hiyo. Nunua bima ya safari kabla, au mbaki Garmisch. Hakikisha pia una ile bima ya kulipia madhara unayowasababishia wengine, Haftpflicht, kwa sababu kwenye mteremko sheria ni kwamba aliye mbele ana haki. Anayetoka juu ndiye anayetakiwa kumkwepa aliye mbele yake. Usisimame katikati ya njia, simama pembeni. Pasipoti na kadi ya ukaazi vikae mfuko wa ndani. Namba ya dharura ni 112.

Jumapili utaamka mapaja yamegoma. Ni kawaida. Nenda na mwalimu asubuhi tena, na ikifika saa nane mchana ukaona miguu inatetemeka, vua skii. Miaka yote niliyokaa wodi ya mifupa, wagonjwa wa Jumapili jioni wananisimulia kitu kilekile: ilikuwa mara ya mwisho, moja tu kisha turudi. Wewe kodi sleji ya mbao, au tembea hadi bonde la Partnachklamm uone maji yaliyoganda yakining'inia ukutani kama mapazia. Nililia nilipoona hayo mara ya kwanza, na sina haya kusema.

Kuhusu mama. Usimfiche. Mwambie Hausberg haifiki mita 1,400, takriban sawa na Lushoto, kwa hiyo hupandi Kilimanjaro. Mwambie utakuwa na mwalimu na helmeti. Halafu Jumamosi jioni mpigie wewe kabla hajakupigia.

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma Lausanne, nina miaka 22, natokea Bukoba. Nina selimundu, nipo chini ya daktari na naendelea vizuri. Darasa letu linakwenda Zermatt, mji wa milimani, siku tatu, na siku ya pili wanapanda hadi kilele cha Klein Matterhorn. Sijamwambia mtu yeyote darasani. Naweza kwenda?

JIBU: Marahaba binti yangu. Zermatt yenyewe, mjini chini, ni kama mita 1,600. Kituo cha juu cha Klein Matterhorn ni mita 3,883. Hizo ni safari mbili tofauti, na mimi kama muuguzi ya pili nakukataza waziwazi hadi daktari wako wa damu aseme vinginevyo kwa mdomo wake. Hewa ya oksijeni kidogo, baridi, kukaukiwa maji na kuchoka: yote manne yanaweza kukuletea maumivu makali, na kule juu yanakutana siku moja. Hata helikopta ikifika haraka, damu itakuwa imeshaanza kuziba mishipa.

Kwa hiyo mpigie daktari wiki hii, sio siku moja kabla ya safari. Muulize urefu gani unaruhusiwa na dawa gani ubebe. Akikubali mjini, nenda na wenzako, kaa na joto, kunywa maji hata kama huna kiu, usijitie kwenye mazoezi ya kukimbizana. Na umwambie mwalimu mmoja unayemwamini. Najua tunavyolelewa kuficha ugonjwa, hasa huu ambao watu kwetu wameusema vibaya miaka mingi. Lakini ukizidiwa saa sita usiku hotelini, ni lazima awepo mtu anayejua neno la kumwambia daktari.

Kwa wasomaji wengine: kuna walio na kinasaba kimoja tu cha selimundu, wabebaji, wazima kabisa maisha yao yote. Wengi wao hupanda milima bila tatizo. Ila wachache sana wengu hupata shida kwenye miinuko mirefu, na dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Ukiyapata ukiwa juu, usimeze dawa ya maumivu ukaendelea kuskii. Teremka, nenda hospitali, na utaje kwamba wewe ni mbebaji. Daktari wa Ulaya anaweza asifikirie hilo kabisa usipomtajia.

SWALI: Salaam dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulitoka Uvira, sasa tuko Oslo mwaka wa pili. Shuleni kila Jumatatu watoto wanaulizwa wikendi wameskii wapi. Wangu wananyamaza. Pesa ya lifti na hoteli sina. Mkubwa ameniuliza kama watu weusi wanaskii kweli. Nimjibu nini?

JIBU: Salaam dada yangu. Mjibu ndiyo, na umtajie jina: Philip Boit wa Kenya. Alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kujifunza skii za nyanda, zile za kwenda mwendo mrefu na si za kuteremka mlima, na mwaka 1998 akashindana Olimpiki ya Nagano, kilomita 10. Alifika wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Mnorwe, Bjørn Dæhlie, na alimngojea Boit mwisho wa njia amkumbatie, hata utoaji wa medali ukachelewa. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Mtoto wako akiisimulia hiyo darasani Oslo, nina hakika mwalimu atasimama kumsikiliza. Na kama ana dada mdogo, mtajie Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi akalelewa Austria, akaiwakilisha Kenya Olimpiki ya 2018.

Sasa kuhusu pesa. Wewe uko mahali pazuri kuliko huyu kijana wangu wa München. Skii za nyanda hazitaki lifti. Kiatu kinashikwa vidoleni tu, kisigino kiko huru, ni chepesi kama raba, na unatembea nazo. Misituni kuzunguka Oslo kuna njia zilizochongwa na kuwekewa taa, hazina kiingilio, na jioni utakuta mabibi wa miaka 70 wanapita. Vifaa usinunue. Tafuta kituo cha kuazimisha vifaa kiitwacho BUA, kilicho karibu na mtaa wenu. Wanaazimisha skii, viatu na sleji bure.

Wikendi ya kwanza lakini anzeni na sleji. Pandeni metro namba 1 hadi kituo cha mwisho, Frognerseteren. Pale inaanza njia ya sleji ya kama kilomita mbili inayoitwa Korketrekkeren, maana yake kizibuo, kwa jinsi inavyojipinda. Mnateremka hadi Midtstuen, mnapanda metro ileile, mnarudi juu, tena na tena, kwa tiketi ileile ikiwa ya siku. Watoto wavae helmeti, hata za baiskeli, na mdogo akae mbele yako katikati ya miguu. Breki ni visigino vyako mwenyewe, kwa hiyo vaa viatu vigumu.

Mkienda BUA kuchukua skii, nendeni wote wanne, na kila mmoja aje amevaa soksi za sufi atakazotumia. Viatu vinavyojaribiwa na soksi nyembamba vitawabana mkifika msituni.